Nimeombwa kuhesabu ndege wanaotaga, na ninaowajua hawazidi 15

Msomaji ameandika: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi cherehani, sijasomea ndege. Kuna kikundi cha watu wanaojitolea kuchunguza ndege wanaotaga katika eneo letu, nami nimeombwa nijiunge. Ndege ninaowajua kwa majina hawazidi 15. Nina maswali mawili. Hesabu za watu kama mimi zinamsaidia nani kweli, au tunapewa karatasi tujaze ili turidhike tu? Na kwa kuzungukazunguka kwenye viota, si ndio tutawafanya ndege wahame?"

Marahaba, fundi. Nianze na swali la pili, maana anayeliuliza kabla hajatia mguu porini ameshavuka somo ambalo wengine tulilipata kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kiota kimoja kwenye nyasi ndefu, chenye mayai manne, na kwa furaha nikawa naenda kukitazama kila asubuhi. Naingia palepale, natoka palepale. Siku ya tano au ya sita nyasi zilikuwa zimelala kama njia ya mifugo, na mwisho wa njia ile kiota kilikuwa kitupu, kimepinduliwa. Sikumwona aliyekula mayai. Aliyemwonyesha njia namjua.

Kwa hiyo ndiyo, mnaweza kuwaharibia. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji ukione kiota hata mara moja.

Wanaotengeneza atlasi za ndege, yaani ramani za mahali kila ndege anapopatikana, hupanga ushahidi wa kutaga katika ngazi tatu. Ya chini ni "huenda": ndege ameonekana msimu wa kutaga, mahali panapomfaa, au dume amesikika akiimba. Ya kati ni "yaelekea": dume anaimba palepale wiki moja baadaye, au wako wawili wanaandamana na kuchezeana, au ukipita mahali fulani wanakupigia kelele za hofu. Ya juu ni "imethibitika". Hapo ndipo watu hudhani lazima upekue vichaka, nao wamekosea.

Chukua mfano huu. Umekaa chini ya mti, umetulia dakika kumi. Ndege mdogo anatua kwenye tawi mbele yako, mdomoni ana kiwavi wa kijani. Angekuwa na njaa yeye mwenyewe angemmeza papo hapo. Huyu hamezi. Anamgeuza, anakutazama, anaruka tawi la pili, anarudi la kwanza. Anatikisa mkia. Hataki kwenda anakokwenda huku wewe unaangalia. Sogea nyuma hatua ishirini, ukae tena. Baada ya dakika tatu anaporomoka ndani ya kichaka, kimya. Akitoka, kiwavi hayupo, na mdomoni ana kitu cheupe kama ulimi wa mshumaa: kifuko cha kinyesi cha kinda. Makinda wa ndege wengi wadogo hutoa kinyesi kikiwa kimefungwa hivyo, na mzazi hukibeba akakitupe mbali. Andika saa, andika mahali, andika "chakula kimeingia, kinyesi kimetoka". Imethibitika, na kichaka hukukigusa.

Ushahidi mwingine wa aina hiyo ni kinda aliyekwisha kutoka kiotoni, mkia bado mfupi, pembe za mdomo bado za manjano, anatetemesha mabawa akidai kulishwa. Siku moja utamwona mzazi mdogo akimlisha kinda mkubwa mara mbili kuliko yeye. Usidhani macho yamekudanganya. Huyo ni mtoto wa kekeo, ambaye mama yake alitaga kwenye kiota cha wenyewe na kwenda zake. Waandike wote wawili: kekeo ametotoa hapo, na mwenye kiota amelea wa mwenzake.

Ikiwa kikundi chenu kitafika hatua ya kufuatilia viota vyenyewe, kuna mambo sitaki uyajaribu ujionee. Usikaribie asubuhi na mapema siku za kutaga, maana ndege wengi wadogo hutaga saa hizo, na jike aliyeshtushwa anaweza kukitelekeza kiota. Usiende mvua ikinyesha, wala jua likiwa kali, kwa kuwa kinda asiye na manyoya hupoa au huungua upesi mzazi akiwa hayupo. Makinda waliokaribia kuruka waache kabisa; wakishtuka hutoka wote kwa mkupuo kabla ya siku zao, na kuwarudisha watulie ni kazi isiyowezekana. Ukifika kiotoni usigeuke ukarudi ulikotoka. Pita kama mtu mwenye safari zake, chungulia, endelea utokee upande mwingine, ili alama za miguu yako zisiishie mlangoni mwao. Usikate hata jani moja kwa ajili ya picha, kwa sababu jani hilo ndilo paa. Na simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa hiyo kiota cha tai au bundi kisizunguke kwenye makundi ya simu.

Lile la kwamba mama humkataa kinda aliyeguswa kwa sababu ya harufu ya mkono si kweli kwa ndege walio wengi. Sikwambii ili ukaguse. Nakwambia ili ujue hatari halisi iko wapi: ni muda unaokaa pale, na njia unayoiacha nyuma.

Halafu kuna sheria. Nchi nyingi zinakataza kusumbua viota vya ndege fulani bila kibali, na kujitolea hakumwondolei mtu kosa. Muulize kiongozi wa kikundi kibali kiko kwa jina la nani, na kama wewe umo.

Sasa swali lako la kwanza, ambalo naona uliliuliza kwa kunichokoza kidogo. Nitakujibu kwa kisa.

Mwaka 1960 wafugaji wa njiwa wa mashindano nchini Uingereza walilalamika serikalini kwamba kozi, yule ndege mwindaji ambaye wataalamu humwita Falco peregrinus, wamezidi na wanawamalizia njiwa. Waliomba aondolewe ulinzi wa sheria. Shirika la utafiti wa ndege la huko, British Trust for Ornithology, likapewa kazi ya kuhakiki, na mtafiti Derek Ratcliffe akaisimamia. Mwaka 1961 na 1962 watu wa kujitolea walikwenda kwenye majabali ambayo kwa miaka mingi yalijulikana kuwa na kozi. Walikuta kinyume kabisa cha malalamiko. Majabali mengi yalikuwa matupu, na kwingine ndege wapo lakini mayai yamevunjika. Kufikia 1963 kozi walikuwa wamebaki chini ya nusu ya waliokuwapo kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baadaye Ratcliffe alipima maganda ya mayai yaliyohifadhiwa kwenye makusanyo ya zamani, na mwaka 1967 akaonyesha kwamba yalianza kuwa membamba mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati dawa ya wadudu ya DDT ilipoanza kutumika sana. Marekani ilipiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi ya DDT mwaka 1972.

Tazama watu wale walifanya nini hasa. Hawakugundua ndege mpya. Walirudi mahali palipojulikana, wakatazama kama mwenye nyumba yumo, wakaandika "hayumo". Bila wao lalamiko lingepita, na kozi wangeuawa wakati tayari wanakwisha.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema kazi hii inahitaji kuwajua ndege 300, huwa nakunja uso. Inahitaji kurudi. Huko Marekani na Kanada kuna hesabu iliyoanzishwa na Chandler Robbins mwaka 1966, hadi leo inafanywa na watu wa kujitolea kila msimu wa kutaga. Mtu anapewa njia ya karibu kilomita 40 yenye vituo 50. Anaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Kila kituo anasimama dakika tatu, anaandika kila ndege anayemsikia popote na kila anayemwona ndani ya mita 400, kisha anaondoka. Dakika tatu zikiisha zimeisha, hata kama ndege mzuri ajabu ametua sekunde moja baadaye. Mwaka ujao anarudi vituo vilevile. Mwaka 2019 watafiti walipokokotoa kwamba Amerika ya Kaskazini imepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, yaani 29 kwa kila 100, sehemu kubwa ya takwimu ilitoka kwenye dakika tatutatu hizo na hesabu nyingine za wanaojitolea.

Waingereza kwa upande wao hugawa nchi kwa miraba. Atlasi yao ya kwanza ya ndege wanaotaga ilifanywa 1968 hadi 1972, kwa miraba ya kilomita 10 kwa 10, na miraba yote 3,862 ya Uingereza na Ireland ilitembelewa. Wakarudia 1988 hadi 1991, wakarudia tena 2007 hadi 2011. Ramani moja peke yake ni picha ya ukutani. Ukiweka tatu pamoja unaona ndege anavyohama upande mmoja wa nchi na kupotea upande mwingine. Kusini mwa Afrika wana mradi ulioanza 2007 wa miraba midogo iitwayo pentadi, kila mmoja dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo (dakika za ramani, si za saa), ambapo mtu hutumia angalau saa mbili akiorodhesha kila aina ya ndege. Kenya wameufuata utaratibu huo tangu 2013. Huko wanatafuta nani yupo zaidi kuliko nani anataga, lakini nidhamu ni ileile: muda uliopangwa, mpaka uliopangwa.

Na viota je? Waingereza wamekuwa wakijaza kadi za viota tangu 1939, kadi moja kwa kila kiota. Mwaka 1997 watafiti walizikusanya zaidi ya 70,000 za aina 65 za ndege, za miaka ya 1971 hadi 1995, wakakuta aina 20 zimeanza kutaga mapema kwa wastani wa siku karibu 9. Hakuna aliyejaza kadi yake akiwaza hali ya hewa ya dunia. Aliandika tu tarehe na idadi ya mayai.

Hapo kwenye tarehe na idadi nataka tukae kidogo, maana ndipo wageni wengi wanapoharibu. Tuseme tarehe 4 mchana umekuta mayai 2, na tarehe 8 umekuta 4. Ndege wengi wadogo hutaga yai moja kwa siku, kwa hiyo yai la kwanza lilitagwa tarehe 3, la pili tarehe 4, la tatu na la nne 5 na 6, na tarehe 8 jike ameshaanza kuatamia. Kwa ziara mbili tu umepata tarehe ya kuanza. Sasa tuseme hukwenda tarehe 4, umekuta mayai 4 tarehe 8 bila ziara nyingine. Yanaweza kuwa ya juzi, yanaweza kuwa ya wiki mbili. Usiandike "takriban tarehe 3" kwa kukisia. Andika "8, mayai 4". Anayechambua atajua la kufanya na ukweli mfupi, ila kisio lililovaa nguo za ukweli humpotosha.

Kuna jingine la hesabu, na kwa fundi anayejua kitambaa kilichopimwa vibaya huliwa na mkasi, nadhani litakuingia. Ukiulizwa viota vinafanikiwa kiasi gani, utataka kuhesabu vilivyofaulu ugawe kwa vyote. Umeona viota 20, 14 vimetoa makinda, basi ni 70 kwa 100. Hapana. Viota vingi huvikuti siku ya kwanza; unavikuta mayai yakiwa ya siku kumi, au makinda tayari wanalia. Vilivyoliwa siku ya pili hukuviona kabisa. Kwa hiyo daftari lako limejaa manusura. Aliyetoa dawa ya tatizo hili mwaka 1961 ni Harold Mayfield, Mmarekani aliyekuwa akichunguza Setophaga kirtlandii, ndege mdogo wa Michigan. Riziki yake ilitoka kwenye kampuni, wala hakuwa mwalimu wa chuo kikuu. Ndege alikuwa nao kwa mapenzi, kama utakavyokuwa wewe. Alisema: hesabu siku. Ikiwa viota vyako 20 ukivijumlisha umevifuatilia kwa siku 200, na 6 vimeharibika, basi hatari ni 6 kwa 200, yaani 3 kwa 100 kila siku. Kiota kinachohitaji siku 30 tangu yai la kwanza hadi kuruka kinapaswa kuivuka hatari hiyo mara 30 mfululizo. Ukizidisha 0.97 kwa yenyewe mara 30 unapata karibu 0.40. Ile 70 yako imeshuka hadi 40. Hukumu mbili tofauti kabisa juu ya ndege walewale, na tofauti yote inatokana na kuandika au kutoandika tarehe za kila ziara, pamoja na zile ulizokuta hakuna kilichobadilika.

Kiota kikiwa kitupu siku ya mwisho, usikimbilie kusema wameruka wala wameliwa. Hesabu umri. Makinda walikuwa na siku sita juzi? Hawakuruka. Walikuwa wamefunika manyoya? Angalia ukingo wa kiota kama umebonyezwa na miguu, kama ndani mna vumbi jeupe la maganda ya manyoya mapya, na kama wazazi wako jirani wanapiga kelele wakiwa na chakula mdomoni. Ukikosa dalili, neno ni "haijulikani", na ni neno la heshima.

Mtego wa mwisho ni kuhesabu viota ukidhani unahesabu ndege. Kwera dume anaweza kusuka viota kadhaa msimu mmoja. Jike huja, huingia, hukagua, huondoka, na dume huanza kingine. Mti wenye viota 30 hauna majike 30. Angalia nani anaingia na kukaa, au nani anaingia na chakula. Mbayuwayu nao hujenga kwa tope linalodumu miaka, na viota vya mwaka juzi huonekana vizima ukivitazama kwa mbali. Chenye udongo mbichi ukingoni na kinyesi kipya chini yake ndicho chenye wenyewe.

Sasa hao ndege wako 15. Wanatosha kuanza, kwa sharti kwamba usikisie wa 16. Omba kipande kimoja cha eneo karibu na unapopita kila siku, kiwe chako. Katika wiki za kwanza jifunze sauti za hao hao unaowajua kwa macho, kwani kwenye majani mazito utasikia kumi kabla ya kumwona mmoja. Usiyemjua mwandike "sijui, mdogo, kahawia, kwenye nyasi", na mwenzako mzoefu atakwenda kumtazama. Utakuta mwaka wa pili unaandika ndege wengi kuliko wa kwanza, na utadhani wameongezeka. Ni wewe uliyeongezeka. Wachambuzi wanajua mgeni huhesabu pungufu mwaka wake wa kwanza, na wana njia za kurekebisha, ilimradi jina lako liwe kwenye karatasi na usiazime macho ya mtu mwingine bila kusema.

Sifuri nayo iandikwe. Ukisimama dakika zako zote pasiwe na chochote, usiache nafasi wazi wala usisogee mita 100 penye kelele zaidi ili "usirudi mikono mitupu". Nafasi wazi maana yake hukwenda. Sifuri maana yake ulikwenda na hawakuwapo, na ni sifuri za aina hiyo zilizowaokoa kozi.

Vifaa ni daftari gumu, penseli kwa sababu wino hulowa, saa, na darubini ya kukuza mara 8, ambayo kikundi huwa nazo za kuazimana. Nguo zisiwe za rangi kali, na hilo sidhani nikufundishe mimi. Kazi huanza alfajiri, na kufika saa tatu asubuhi ndege wengi huwa wameacha kuimba, kwa hiyo cherehani haitakungoja sana.